Kabla ya Kupiga Kiki, Tembea



Jumapili iliyopita nilikuwa chini ya mwembe wangu, njia ya kwenda Igombe, nikasikia pikipiki nne au tano zikija pamoja zinalia kama nyuki waliochokozwa. Zikaacha barabara, zikaingia palio la ng'ombe, zikaparamia kilima katikati ya mawe. Wa mbele alikuwa na Boxer iliyovuliwa nguo zote: madigadi hakuna, taa hakuna, sailensa imekatwa. Kichwani kavaa kapelo. Wa tatu alikuwa na kofia ngumu, ila kaitundika kwenye kiwiko. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu lile palio nalijua. Nyuma ya jiwe la tatu pana korongo lililochimbwa na masika, na ukitokea huku chini hulioni mpaka tairi la mbele limeshafika. Aliyeongoza alifunga breki kwa bahati tu. Wa pili akamvaa kwa nyuma, wote wawili wakaenda kwenye nyasi, wakainuka wanapangusana vumbi na kucheka.

Sikuandika haya ili niwakataze, vijana wa pikipiki. Mchezo wenu naupenda, na kwa siri nawaonea wivu. Nilisomea kilimo Ukiriguru, pale Misungwi, nikawa bwana shamba wa pamba, na serikali ikanipa Honda XL 125. Kwa miaka mingi barabara zangu zilikuwa mapalio ya Magu, Kwimba na Misungwi. Siku nyingine nilikwenda mpaka Sengerema, enzi hizo tukisubiri kivuko cha Busisi kwenye jua la saa nane; nyinyi tangu Juni 2025 mnapita juu ya daraja la kilomita tatu na kulalamika kuna upepo. Sisi mabwana shamba tulikuwa tunashindana, msidhani mmeanza nyinyi. Nani atafika wa kwanza kwenye ghala la chama cha msingi, nani atapanda kile kilima bila kuteremsha mguu. Kwa hiyo ninayesema hapa nimekula vumbi hilo hilo.

Ninalo jambo moja la kuwaambia. Njia ya mbio itembee kwa miguu kabla hujaikimbia kwa pikipiki.

Najua mtasema hayo ni mambo ya wazee wenye fimbo. Basi sikilizeni. Lipo shindano la pikipiki la siku sita, porini na milimani, lililoanzishwa mwaka 1913 huko Carlisle, Uingereza, na bado linafanyika. Ndani yake zimo sehemu zinazopimwa kwa saa, ndizo zinazoamua mshindi. Mpandaji anaruhusiwa kuzikagua kabla, lakini kwa miguu tu. Akikamatwa anafanyia mazoezi pale na pikipiki, ameharibu. Mabingwa wa dunia wanashuka, wanavua kofia, wanatembea juani wakitazama mizizi na mawe, wanahesabu kona. Tena mkono wa fundi hauruhusiwi kugusa pikipiki: tairi likipasuka, anayelibadilisha ni mpandaji mwenyewe, saa inatembea. Wangapi kati yenu mnaweza kutoa tyubu, kuziba na kurudisha bila kumpigia fundi simu?

Sasa niwaambie mtaona nini mkitembea. Wasukuma waliupa udongo majina zamani, na hata watafiti wa pamba waliyachukua vilevile yalivyo. Ukishuka kutoka kwenye mawe ya kilimani mpaka bondeni unayavuka yote kwa mpangilio, wakati mwingine ndani ya kilomita mbili tu.

Juu kabisa ni mwamba wenyewe, matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ukikauka, mwamba unashika tairi vizuri. Tatizo ni chembe zinazomeguka na kulala juu yake. Kupita hapo kwa kasi ni kama kukimbia kwenye sakafu iliyomwagiwa mtama. Na pale kwenye madoa meusi na ya kijani, mvua ikishanyesha, hata mbuzi anafikiri mara mbili. Simameni kwenye vikanyagio, magoti yalegee, pikipiki icheze chini yenu. Anayekaa kwenye kiti juu ya mawe anapigwa na kila jiwe mpaka kwenye meno.

Chini ya mawe kuna luseni, mchanga uliozaliwa na mawe hayo hayo. Hapa tairi la mbele linaanza kutikisika kama mkia wa mbwa, na mwenye hofu anabana breki ya mbele. Huyo tunamwokota. Luseni inataka gia namba mbili, uzito nyuma kidogo, injini ivute bila kukatika, na macho yatazame kule unakokwenda, si kwenye tairi. Punguza upepo kidogo kwenye tairi kabla ya kuingia, na usisahau kuujaza ukirudi barabarani.

Kisha itogolo. Huu ndio udongo mwongo kuliko wote. Kiangazi ni mgumu kama sakafu ya saruji, unakupa kiburi. Yakipita manyunyu ya dakika kumi, maji hayazami, yanatanda juu, na sakafu ile ile inakuwa imepakwa sabuni. Nimeona mtu mzima anaanguka pikipiki ikiwa imesimama, kwa kuweka mguu chini tu.

Na mwisho bondeni ni mbuga, udongo mweusi wa majaruba ya mpunga. Kiangazi mbuga hupasuka; nimewahi kuingiza mkono kwenye ufa mpaka kiwiko, na ufa wa namna hiyo ukienda sambamba na njia yako unalimeza tairi na hauliachii. Mvua ikinyesha, hunata.

Kuhusu kunata nina bega la kuonyesha. Novemba 1986, mvua za vuli zimeanza, nilikuwa nawahi mkutano wa wakulima upande wa Magu. Mbele yangu mbuga, ng'ambo yake naiona miti ya kijiji, haifiki hata mita mia tatu. Kando kuna mtoto anachunga, miaka kama kumi hivi, fimbo kaiweka mabegani na mikono kaitundika juu yake. Akaniambia, "Mzee, zunguka kule kwenye minyaa. Hapa haipiti." Nilikuwa na umri wa miaka 29, akaniita mzee kwa ajili ya pikipiki. Nikamtazama nikaona mtoto. Mimi nilikuwa na cheti cha Ukiriguru, udongo nimeusomea darasani, nimeuchora ubaoni kwa chaki za rangi. Nikaingia.

Mita thelathini za kwanza zilikwenda. Kisha ule udongo ukaanza kujisokota kwenye tairi, ukajaa ndani ya madigadi, tabaka juu ya tabaka, mpaka tairi la mbele likakwama kabisa, halizunguki. Pikipiki ikasimama, mimi nikaendelea. Nilitua kwa bega la kushoto, mtulinga ukakatika. Nilisikia sauti yake kama kijiti kikavu. Yule mtoto alikuja polepole, hakucheka, hakusema "nilikuambia." Alikwenda akaleta maksai wawili wa baba yake, wakaivuta ile Honda kwa mnyororo wa plau. Tangu siku hiyo bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia, na fundi cherehani ananijua kwa hilo.

Kwa hiyo mkitembea njia, tembeeni na anayechunga pale. Mtoto anayechunga ng'ombe anajua maji yanasimama wapi, nyoka anaota jua wapi, na korongo gani limehama tangu mwaka jana. Makorongo yanahama, ndiyo. Njia uliyoikagua Juni si ile utakayoikuta Desemba.

Halafu kuna hili la kiki. Zamani kiki ilikuwa kipande cha chuma unachokanyaga pikipiki iwake. Siku hizi kiki ni video. Naelewa, sisi Wasukuma tumelelewa na umati. Mwezi Juni, kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, vikundi vya Bagika na Bagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevutia watu wengi kwake. Ni mashindano mazuri kuliko mengi ninayoyajua. Lakini ngoma ikikosewa mtu anachekwa tu. Pikipiki inayorushwa kutoka juu ya jiwe kwa sababu kuna simu kumi zimenyanyuliwa haina mtu wa kucheka naye ikikosea. Nimeona vijana wenu wa simu wanasimama wapi: upande wa nje wa kona, hapo hapo pikipiki itakapokwenda ikiteleza. Wahamisheni. Wakae upande wa ndani na juu, nyuma ya jiwe. Picha itatoka nzuri zaidi, nani anajua.

Na msiondoke kwa pamoja. Palio lina upana wa ng'ombe mmoja, wawili hawatoshi. Tokeni mmoja mmoja, dakika moja moja, saa ya mkononi iamue nani mkali. Hivyo ndivyo mbio za porini zinavyoendeshwa kwingi duniani, wala si woga. Kutoka wote kwa mpigo ni mambo ya uwanja mpana uliotengenezwa, mchezo wa motokrosi, ambao nao ulianzia kwenye vilima vya kawaida tu vya Camberley, Uingereza, mwaka 1924.

Ile kofia kwenye kiwiko inalinda kiwiko. Wataalamu waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2008 walikuta kofia ngumu inapunguza uwezekano wa kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Bugando waliandika juu ya majeruhi wa pikipiki wa jiji letu hili la Mwanza, wakaliita tatizo linalochipuka. Lililochipuka sasa ni mti. Vaeni kofia, fungeni mkanda wake, vaeni buti zinazopita kifundo cha mguu na suruali nzito. Ndala waachieni wavuvi wa Kirumba.

Jambo la aibu kidogo, lakini nitalisema. Wengi wenu pikipiki si zenu. Ni za mkataba, na Jumatatu mwenye mali anataka hesabu yake. Ukipinda rimu kilimani Jumapili, ukamwambia Jumatatu kwamba ni shimo la barabarani, umemuibia. Ukimweleza ukweli akakuruhusu, sina neno. Asipokuruhusu, changeni wanne au watano, nunueni mkweche mmoja wa mbio, ufungeni tairi zenye meno, mpokezane. Kwa kuwa mnatoka mmoja mmoja na saa ndiyo hakimu, pikipiki moja inawatosha. Tena hapo ndipo tutajua nani anajua kuendesha, maana hakuna wa kusingizia injini.

Ardhi nayo ina wenyewe. Kile kichaka mnachokiona kimefungwa, nyasi ndefu, hakina ng'ombe, si pori. Ni ngitili, malisho yaliyowekwa akiba kwa ajili ya kiangazi kikali, na kukata njia katikati yake ni kumwaga chakula cha ng'ombe wa mtu. Jaruba ukilipasua ukingo, maji yanaondoka na mpunga unakufa. Mihogo hukaa shambani mwaka na zaidi, kwa hiyo usiseme "wameshavuna." Pamba ndiyo rafiki yenu: ikishachumwa na masalia yakang'olewa, shamba liko wazi mpaka vuli. Nenda kwa mwenye shamba, kaa kwenye kigoda utakachopewa, msalimie vizuri, mweleze saa na siku, mpe kitu. Mwenyekiti wa kijiji naye ajue. Saa za ng'ombe kurudi na saa za watoto kwenda na kutoka shule, palio si lenu hata kama mmelipia. Na kila mahali palio linapokatiza njia ya akina mama wanaotoka ziwani na ndoo, awepo mtu amesimama na kitambaa chekundu, asiyeangalia simu.

Wenzetu wa Uganda wana uwanja wa motokrosi pale Garuga, karibu na Entebbe, ufukweni mwa ziwa hili hili tunalooga. Kule watoto wadogo wanaanza na vipikipiki vya cc 50, kofia zimewazidi kichwa, baba amesimama pembeni na spana. Sioni walichotuzidi kwa ardhi. Mawe tunayo, mchanga tunao, na vijana wanaoweza kupita na abiria na gunia la mkaa mahali ambapo mimi ningeshuka nitembee, tunao tele. Undeni klabu. BMT, yaani Baraza la Michezo la Taifa, ipo kwa sheria tangu 1967, na afisa michezo wa halmashauri ofisi yake mnaijua. Nendeni kumi mlio na majina na katiba ya kurasa mbili, si arobaini wenye kelele.

Jumapili ijayo saa moja asubuhi nitakuwa chini ya mwembe. Nataka kuanzia pale mnapoingilia palio, tupande mpaka kwenye korongo, tushuke luseni hadi majaruba, tupime wapi pa kupita na wapi pa kuzunguka. Nimeshamwomba mjukuu wa jirani anayechunga kule atuongoze. Njooni kwa miguu, pikipiki ziacheni nyumbani, na mmoja wenu abebe maji, maana mimi nitakuwa nimeshika fimbo.