Adui Asiye na Hatia

Liko swali ambalo sisi waumini hulipita haraka: je, sababu njema ya kuua yatosha kuufanya moyo wa anayeua kuwa mwema? Tukichinja kuku kwa ajili ya mgeni, hatusumbuki. Tukimuua nyoka aliyeingia chumba cha watoto, tunamshukuru Mungu. Lakini kati ya kutimiza wajibu na kufurahia kifo kuna hatua moja fupi, nasi huivuka bila kujua. Swali hili lilitujia upya baharini, siku tuliyoandamana na kundi la wazamiaji wenye mikuki kutoka mji wa Destin, katika jimbo la Florida nchini Marekani.

Windo la siku hiyo lilikuwa samaki simba. Sisi tuliokulia mwambao wa Afrika Mashariki tunaifahamu jamii yake: mistari myekundu na myeupe, mapezi yaliyotanda kama manyoya, na miiba 18 yenye sumu. Katika Bahari ya Hindi ana mahali pake miongoni mwa viumbe wengine. Huku Florida ni mgeni. Alionekana katika maji ya jimbo hili mwaka 1985, na wataalamu wanaona kwamba yaelekea aliletwa na watu waliomfuga katika matangi ya vioo kwa ajili ya uzuri wake, kisha wakamwachia baharini. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo milioni mbili kwa mwaka. Mwaka 2008 watafiti Mark Albins na Mark Hixon waliripoti matokeo ya jaribio lao huko Bahamas: katika wiki tano tu, samaki huyu alipunguza kwa asilimia 79 idadi ya samaki wachanga waliokuja kukaa kwenye miamba. Ndoana humnasa kwa nadra. Ndiyo maana mzamiaji mwenye mkuki amekuwa tegemeo kubwa la kumpunguza, na sheria ya Florida haimwekei mvuvi kikomo cha idadi.

Basi sababu ilikuwa njema. Mashua ilitoka alfajiri, mitungi ya hewa imefungwa imara kando. Sakafu ya bahari upande ule ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa, na samaki hukusanyika penye zege na mabaki ya meli yaliyozamishwa makusudi ili wapate makao. Baadhi yetu tulishuka na wazamiaji hadi kina cha mita 30 hivi, ambako mtu ana dakika zipatazo 20 za kukaa kabla ya kuanza kupanda polepole.

Kilichotushangaza ni utulivu wa yule samaki. Hakimbii. Ameizoea miiba yake kuwa ngao, hata mkuki ukimsogelea hadi kiasi cha shubiri mbili, anabaki akielea na mapezi yake wazi. Wazamiaji walimchoma na kumsukumiza katika bomba la plastiki lenye mlango wa kuingia tu, wakaenda kwa mwingine. Chewa mkubwa alipita karibu. Wakamwacha, kwa kuwa hakuwa windo lao.

Juu ya mashua mambo yalikuwa tofauti. Bomba lilipomwagwa, vijana walishangilia. Walimwita samaki yule mwizi, mvamizi, shetani. Mmoja alimkanyaga aliyekuwa bado akitapatapa, akacheka. Mzee mmoja mzoefu hakusema neno. Alimchukua yule samaki, akammaliza kwa kisu, akakata miiba kwa mkasi, akapasua tumbo. Ndani mlikuwa na samaki wadogo watano. Akaiweka nyama kwenye barafu, maana sumu imo katika miiba na nyama huliwa vizuri.

Vijana na mzee walifanya kazi ile ile, kwa sababu ile ile. Tofauti yao ilikuwa moyoni, nayo ndiyo tunayoitafuta.

Mtu aweza kusema: huyu ni samaki tu, na furaha ya kazi si dhambi. Ni kweli, mvuvi ana haki ya kufurahia siku njema. Lakini kumwita samaki shetani ni kumbebesha hatia isiyo yake. Samaki simba hula kama alivyoumbwa kula. Aliyekosa ni mwanadamu aliyemtoa kwao kwa tamaa ya macho, akamtupa alipomchoka. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa wa kwao ni samaki wachanga wa bahari nzima. Tunapompa windo jina la adui, tunajisahaulisha deni letu.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Neno hutangulia mkono. Mwaka 1994 nchini Rwanda watu waliitwa mende kabla ya kukatwa kwa mapanga, na waliowakata waliambiwa kwamba wanasafisha nchi. Hatusemi kwamba mvuvi anayecheka ni muuaji wa watu. Tunasema kwamba moyo una mazoea. Ukizoea kuamini kwamba anayestahili kuondolewa hastahili pia huruma, siku moja utapewa jina la mtu, nawe hutaona tofauti.

Maandiko yanatuelekeza kwingine. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo, samaki wanabarikiwa siku ya tano, kabla mwanadamu hajaumbwa. Baraka yao haikupitia mikononi mwetu. Mamlaka tuliyopewa siku ya sita yanakuta viumbe waliokwisha kupendwa. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, linamruhusu aliyeona kiota kuchukua makinda, lakini linamwamuru amwache mama aende zake. Ruhusa inakuja na mpaka. Hata kwa ndege wa njiani, Mungu anaulizia namna tunavyochukua.

Kwa hiyo tunaamini kwamba kazi ya wazamiaji wale ni halali, hata ni ya lazima, nasi tungewaomba waiendeleze. Ila ifanywe kama mtu anavyolipa deni: kwa bidii, bila shangwe juu ya anayeumia. Auaye na aue upesi. Alichoua kiliwe. Na anayefuga kiumbe cha bahari ya mbali ajue kwamba amechukua amana, si pambo. Sababu njema hutupa ruhusa ya kuinua mkuki. Moyo safi tunapaswa kuuomba kwa Mungu kila mara tunapouinua.