Uongozi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Watu wengi hudhani kuwa uongozi ni mali ya wenye vyeo. Yafaa tuipime dhana hii mahali ambapo kosa hulipwa kwa uhai, nako ni katika wodi ya hospitali.

Fikiri, msomaji, juu ya muuguzi kijana aliye katika zamu ya usiku. Amehesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa akaona yamepanda. Pumzi zimekuwa za haraka, na ngozi imelowa jasho la baridi. Mkubwa wake, kwa uchovu, amwambia angoje hadi asubuhi. Je, anyamaze au aseme?

Utii ni nguzo ya uuguzi. Kila mtu akifuata nia yake, dawa hutolewa mara mbili au haitolewi kabisa. Lakini utii si ububu. Anyamazaye ilhali ameona hatari hakumtii mkubwa wake, amemwacha gizani. Basi na aseme kwa adabu, ataje hesabu alizozipata, na asiposikilizwa, amwite daktari. Hapo, bila ya cheo, amekwisha kuwa kiongozi, kwa maana amewaonyesha wengine njia.

Mwenye cheo naye ana wajibu ulio mzito zaidi. Akimkaripia aletaye habari mbaya, kesho hataletewa habari yoyote. Ukali huzaa ukimya, na katika wodi ukimya ni ndugu wa mauti.

Florence Nightingale, Mwingereza aliyeongoza wauguzi 38 kwenda Scutari, katika nchi ya Waturuki, mwaka 1854, alieleza katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kuwa msimamizi asijiulize jinsi ya kufanya kila jambo kwa mkono wake, bali jinsi ya kulipanga ili lifanyike hata asipokuwapo. Hiyo ndiyo mizani ya haki. Kiongozi akiondoka na kazi ikaporomoka, alijijenga mwenyewe, hakuijenga kazi.

Sifa hizi haziji pamoja na barua ya kupandishwa cheo. Hupatikana kwa kuangalia kwa makini, kusema kweli kwa upole, kuwasikiliza walio chini, na kumkabidhi mwenzako zamu bila ya kumficha neno. Waweza kuzianza leo darasani, uwe kiranja au usiwe. Cheo hutolewa na watu. Kukistahili ni kazi yako mwenyewe, nayo hutangulia.