Aliyepona Ana Deni Gani kwa Mgonjwa?

Mas'ala tutakayoyaandika leo hayakuzoeleka katika kurasa hizi, na huenda baadhi ya wasomaji wetu wa pwani wakauliza, mambo ya hospitali yana nini na dini? Lakini yametufikia katika darsa yetu hapa Nakuru, yametugawa, na yametuonyesha aibu zetu wenyewe. Twaona si haki kuyanyamazia.

Dada mmoja katika watu wetu, mkaazi wa Bondeni, ambaye wazee wake walipanda huku kutoka pwani zama za reli, alikuwa na mwili mkubwa tangu ujana wake. Alipopita umri wa miaka 40 alikuwa na kisukari, shinikizo la damu, na magoti yasiyokubali tena kusujudu. Akisali juu ya kiti. Alijaribu kila aliloambiwa: ndimu na maji ya moto, siki, kufunga Jumatatu na Alkhamisi, kuacha wali. Kila mara alipunguka, kisha mwili ukarudi pamoja na ziada. Mwisho alifunga safari akapita Gilgil na Naivasha mpaka Nairobi, mwendo wa kilomita 160 hivi, akapasuliwa na kupunguzwa mfuko wa tumbo. Aliporudi aliwaambia watu kwamba alikwenda kutolewa mawe ya nyongo. Haukupita mwaka ila mwili wake ulikwisha punguka kwa kadiri isiyofichika. Wanawake wakamzunguka kumwuliza siri yake, naye akawajibu, "Ni ndimu tu, na kutembea."

Uwongo huo mdogo ndio uliozaa mas'ala yetu. Kwani alikuwako binti ami yake, mwenye kisukari na uzito kama wake, aliyeyaamini maneno hayo. Alikunywa ndimu miezi minane, na kila mwezi akijiona yeye ndiye mvivu, yeye ndiye asiye na azma, maadamu mwenziwe ameweza. Siku aliposikia ukweli, tena si kwa kinywa cha nduguye, alilia, akasema mbele ya wanawake: "Kupasuliwa kwake hakukuniuma. Kimeniuma kuniacha nijilaumu."

Ndipo likaulizwa katika darsa: je, aliyepona ana deni kwa aliye katika maradhi yale yale? Au mwili wa mtu ni sitara yake, na hapana awezaye kumdai khabari zake?

Lakini hatukuwahi kulijibu swali hilo kabla ya kuzuka neno jingine, kwamba kupasuliwa kwa ajili ya unene ni kubadili umbile aliloumba Mwenyezi Mungu. Mwenye kusema hivi twamkumbusha khabari ya Arfaja bin As'ad, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Sahaba huyu alipoteza pua yake katika vita vya Kulab, zama za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikawa inanuka, basi Mtume (s.a.w.) akamwamuru afanye ya dhahabu. Na dhahabu, kama ajuavyo kila mtoto wa chuo, ni haramu kwa wanaume. Ikiwa katazo hilo lilifunguliwa kwa sababu ya harufu ya pua ya mtu mmoja, vipi atazuiwa mwanamke kutibu maradhi yanayomla macho, figo na magoti? Ama mwenye afya yake atakaye kukatwa tumbo ili aienee nguo ya arusi, huyo hatumsemei.

Na upasuaji huu si uzushi wa jana. Madaktari wa Marekani waliujaribu kwa njia mbalimbali tangu miaka ya 1950, na mwaka 1966 Edward Mason wa Iowa akaanza njia ya kugawa mfuko wa tumbo na kuuunganisha na utumbo, ambayo hata leo yatumika baada ya kurekebishwa. Huko Swideni, tangu mwaka 1987, waliandamwa watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa, nusu yao hivi waliopasuliwa na wengine waliotibiwa bila ya kisu. Mwaka 2007 ikatangazwa kwamba waliokufa katika kundi la waliopasuliwa walikuwa wachache zaidi. Wala asidhani mtu ya kuwa maradhi haya ni ya matajiri wa Ulaya. Uchunguzi wa afya ya wakaazi wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100, wa umri wa miaka 20 mpaka 49, uzito wao umepita kiasi. Na wanaume ni 19. Tujihesabu katika arusi zetu, tutawaona.

Sasa turejee kwa dada yetu. Kwa nini alisema uwongo? Tulimlaumu upesi sana, na lawama hiyo yapasa ipite kwetu kwanza. Alipokuwa mnene tulimwita kwa majina, mengine ya mzaha, nasi tukamwona hana subira mbele ya sinia. Alipokonda, baadhi yetu wakanong'ona kwamba ana ugonjwa mbaya. Ramadhani ya kwanza baada ya kisu daktari alimkataza kufunga, kwa kuwa mfuko wake mpya haukuweza kupokea maji ila kwa funda ndogo ndogo mchana kutwa. Ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 184 ya Suratul Baqara, nasi twaisoma kila mwaka. Walakini mtu mmoja alimwona akinywa maji nyuma ya mlango wa jikoni, na khabari ikafika barazani. Na tukiri: baraza hiyo ilikuwa ya mmoja wetu, na hapana aliyekataza.

Laiti tungekumbuka Bibi Sawda bint Zam'a (r.a.), mkewe Mtume. Yeye alikuwa mwanamke mzito, mwendo wake wa polepole. Katika Hija, usiku wa Muzdalifa, aliomba ruhusa atangulie kabla ya msongamano wa watu, naye Mtume akampa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hatukuona ndani yake neno hata moja la kumwaibisha kwa mwili wake, wala hakuambiwa ale kidogo ili mwakani aweze kwenda na wenziwe. Alifanyiwa wepesi, basi. Sisi tuliosoma hadithi hiyo tulimfanya dada yetu aone ni salama zaidi kusingizia mawe ya nyongo.

Hata hivyo uwongo wake ulimdhuru mtu, na swali bado liko pale pale.

Ili kulijibu, yatupasa tujue ni nini hasa alichonacho huyu aliyepona. Watu wengi hudhani kisu chamaliza kazi, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Katika upasuaji aliofanyiwa dada yetu huondolewa yapata robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi. Siku za mwanzo ni maji na supu tu. Kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya wiki kadhaa ndipo huja chakula cha kawaida, nacho ni kidogo sana. Hula polepole na kutafuna mpaka tonge lilainike. Huanza na samaki, nyama, yai au maharagwe kabla ya wali. Wala hanywi maji pamoja na chakula. Akila halua au akanywa sharubati yenye sukari nyingi, huenda moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, tumbo likamwendesha, akataka kuanguka. Nywele hupukutika mwezi wa tatu au wa nne, na aghlabu huota tena. Vidonge vya vitamini na vya madini atavimeza maisha yake yote na damu yake ipimwe, kwani vitamini B12 ikipunguka neva huharibika. Akitapika siku baada ya siku asingoje, na arudi kwa daktari upesi, kwa maana kukosa vitamini B1 kwaweza kuuharibu ubongo katika muda wa wiki chache. Na mwanamke hushauriwa asibebe mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Haya yote daktari huyasema. Lakini daktari hajui mama mkwe atajibiwa nini anapokupakulia mara ya pili na kukasirika kwa kukataa kwako. Hajui kuketi katika sinia la watu wanne, ukakishika kipande kimoja cha nyama muda mrefu ili mkono usionekane mtupu. Hajui mwanamke aliyezoea kujiliwaza kwa mahamri na chai baada ya ugomvi afanye nini ugomvi unapokuja na mahamri hayaingii. Ngozi iliyolegea mikononi na tumboni, ambayo hakuionea haya zamani kwa kuwa ilikuwa imejaa. Mume anayemtazama kama mgeni. Hofu ya mwaka wa pili, wakati mizani inapoanza kupanda tena kidogo na mtu huona haya kurudi hospitali: hayo hujulikana na aliyepita tu. Wachunguzi wameona mara kwa mara kwamba waliopasuliwa wanaohudhuria vikao vya wenzao hupungua zaidi kuliko wasiohudhuria. Huenda ikawa wenye bidii ndio wahudhuriao. Walakini mtu aliyekwisha kaa peke yake na siri hiyo hahitaji kushawishiwa.

Basi alicho nacho aliyepona ni elimu, na elimu ni amana. Kuificha kwa anayeihitaji na kuiuliza kumekuja onyo lake kali katika hadithi. Ama mwili wake na khabari za nyumba yake ni sitara yake. Sisi twaona mambo haya mawili hayagongani. Dada yetu hakuwa na deni la kusimama arusini akatangaza kuwa amepasuliwa. Angaliweza kumwambia kila aulizaye, "Ni matibabu, na sitaki kuyaeleza," wala asingekuwa na lawama. Lakini kwa binti ami yake, mgonjwa kama yeye, aliyemwuliza kwa haja wala si kwa udaku, deni lilikuwako: alipwe ukweli, na kwa siri kama akitaka. Na ndimu haikuwa siri. Ilikuwa ni kumwelekeza mwenzio njia usiyoipita.

Baadhi ya ndugu katika darsa walitupinga. Walisema, na neno lao lina uzito, kwamba siri ikitoka kwa mmoja imetoka kwa wote, nasi twaujua mji wetu. Hatuna jibu la kuwatuliza kabisa. Twasema tu kwamba deni hili lina pande mbili: mwenye kusikia naye anadaiwa ulimi wake. Mahali ambapo ndimi hazijafungwa, hatuwezi kumkaza sana anayeogopa kusema.

Mfano wa namna ya kulipa deni hili tumeupata kwa Salman Mfarisi na Abu Dardai (r.a.). Mtume aliwaunga udugu hawa wawili, mmoja mgeni kutoka Uajemi, mmoja mwenyeji wa Madina. Salman alipomzuru nduguye akakuta anautesa mwili wake kwa kufunga na kukesha, hata mkewe amesahauliwa. Salman hakusimama kumhutubia: alikataa kula mpaka Abu Dardai ale pamoja naye, usiku alimzuia asiondoke kitandani mpaka ulipofika wakati wake, kisha wakainuka wote wawili wakasali. Ndipo akamwambia kwamba mwili wake nao una haki juu yake, na Mtume alipoambiwa alimsadikisha Salman. Alikaa naye mchana na usiku, kisha ndipo akanena.

Dada yetu alimpata Salman wake kwa mtu asiyemtazamia. Kliniki alikutana na mama mmoja wa Kikikuyu, Mkristo, mwuza viazi kutoka upande wa Molo, aliyepasuliwa miaka mitatu kabla yake. Mama huyo ndiye aliyemwonyesha vidonge vipi humezwa pamoja na vipi humezwa mbalimbali, na ndiye aliyemtoa kitandani siku aliyokuwa amekata tamaa. Ikasemwa tena: vipi Mwislamu atoe siri zake kwa asiye wa dini yake? Twauliza nasi: katika Hijra, Mtume na Abubakar waliongozwa na nani jangwani? Si Abdallah bin Urayqit, aliyekuwa wakati huo angali katika dini ya Makureshi? Alichaguliwa kwa kuwa mwaminifu na kwa kuijua njia. Na kama dada yetu alimkosa mwongozaji katika sisi, kosa si la mama wa Molo.

Katika Bonde hili la Ufa jambo hili si geni. Huko Eldoret, AMPATH, ushirika wa matibabu uliofungamana na Chuo Kikuu cha Moi, umejaribu kuvikutanisha vikundi vya kuweka akiba na matibabu ya kisukari na shinikizo la damu: watu huweka fedha zao, hupimwa, na huzungumza, katika kikao kimoja. Wanawake wetu wanavyo vyama vya namna hiyo tangu zamani, na kazi ya kukusanya watu imekwisha fanywa.

Sasa wanawake watano hukutana nyumbani kwa dada yetu, baada ya Alasiri, kila Jumamosi ya pili. Watatu wamepasuliwa, mama wa Molo akiwa mmoja wao. Wa nne ni yule binti ami yake, ambaye bado hajaamua kama atakwenda Nairobi au hatakwenda, wala hapana amharakishaye. Wamepatana baina yao kwa maneno ya wazi kabla ya kuanza kwamba asemwaye humo hatoki nje. Wa tano ni mama mkwe, aliyeomba mwenyewe kuhudhuria ili ajue apakue kiasi gani.

Wanaume hawana kikao. Tunamjua mmoja, upande wa Kaptembwo, aliyepasuliwa mwaka juzi, na huja msikitini kila Ijumaa akasali akaondoka kabla ya watu kuanza kusalimiana.