Jirani Aliyezima Taa

Katika filamu ya Halloween ya mwaka 1978 kuna sekunde chache ambazo watu wengi hawazikumbuki. Laurie, binti wa sekondari anayewaangalia watoto wa watu usiku huo, ameponea chupuchupu kisu cha mtu aliyevaa kinyago cheupe. Ameanguka kwenye ngazi, mguu unamuuma, anachechemea mpaka nyumba ya jirani na kugonga mlango huku akipiga mayowe. Taa ya barazani inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Kisha taa inazimwa.

Huyo mtu hatumwoni tena. Nimeitazama filamu hii mara sita, na kila nikifika hapo huwa natazama pembeni. Kwenye visu nakodoa macho bila shida.

Nasomea shahada ya uzamili ya falsafa, kwa hiyo nina ruhusa ya kuuliza maswali ambayo watu wenye kazi hawana muda nayo. Mojawapo ni hili: kwa nini mtu mwenye akili zake akae gizani, kwa hiari, amtazame binti akifukuzwa na muuaji, halafu aseme amefurahi? Na kwa nini filamu hii, miaka karibu 50 baadaye, bado inatazamwa wakati nyingine zilizogharimu mara mia yake zimesahaulika?

Maana hii ilitengenezwa kimaskini kweli. John Carpenter na Debra Hill waliiandika pamoja, wakapewa kama dola 300,000, wakaipiga kwa siku 20 hivi. Hadithi inatokea Oktoba katika mji wa kubuni wa Haddonfield, Illinois, lakini upigaji ulifanyika California wakati wa majira ya kuchipua, miti ikiwa ya kijani kibichi. Basi majani yalipakwa rangi ya ukavu, yakamwagwa barabarani, na tukio likiisha yanazolewa na kutunzwa kwa ajili ya tukio jingine. Ukitazama kwa makini utaiona mitende ya California nyuma ya nyumba za Illinois. Kinyago chenyewe kilikuwa cha Kapteni Kirk wa Star Trek, kilichonunuliwa kwa chini ya dola mbili, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Muziki Carpenter aliutunga mwenyewe, kwa mdundo wa mapigo matano ambao baba yake alimfundisha kwa ngoma ndogo za bongo. Filamu hiyo ikaingiza takribani dola milioni 47 huko Marekani peke yake, na mwaka 2006 ikawekwa katika orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la nchi hiyo.

Mwanafalsafa Noël Carroll, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya kutisha, anasema tunaivumilia hofu kwa sababu ya udadisi. Tunataka kujua zimwi ni kitu gani. Ni jibu zuri kwa filamu nyingi, ila kwa hii linanipwaya. Halloween haina cha kutujuza. Daktari Loomis amekaa na Michael Myers miaka 15 na hakuambulia kitu. Hakuna kisasi wala sababu. Ukiingia kwa udadisi unatoka mikono mitupu.

Mimi nadhani tunafuata kitu kingine, na nilikiona mara ya kwanza nilipoitazama, mwaka wa kwanza wa digrii. Tulikuwa saba hosteli, laptopu moja, umeme unakatika na kurudi. Laurie alipodhani muuaji amekufa, akakaa akiwa amempa mgongo, yule mtu akainuka taratibu kule nyuma. Chumba kizima kililipuka. “Geuka wewe!” “Yuko nyuma yako!” “Okota kisu, dada, okota!” Mmoja wetu, aliyekulia kwenye vibanda umiza, alikuwa akitutuliza kwamba steringi hafi, lakini na yeye alikuwa amesimama.

Tulikuwa watu wema sana usiku ule. Saba wote tulitaka kumsaidia.

Baadaye nikakutana na Augustino, yule Mwafrika wa Thagaste, ambayo leo iko Algeria. Katika Maungamo anakumbuka ujana wake Carthage, alivyokuwa mlevi wa michezo ya jukwaani ya huzuni, na anajiuliza ni huruma ya namna gani ile ambayo mtazamaji haitwi kusaidia, anaalikwa kusikitika tu. Aliandika hayo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Niliposoma niliwakumbuka wale saba na laptopu. Laurie hawezi kutusikia, na hapo ndipo utamu ulipo. Tunampigia kelele kwa moyo wetu wote kwa sababu hakuna atakayetuambia: haya, nendeni basi.

Carpenter, kwa makusudi au kwa bahati, hakutuacha tujione wema moja kwa moja. Filamu inaanza kwa kutuvisha macho ya muuaji. Tunachungulia dirishani, tunaingia jikoni, tunachukua kisu, tunapanda ngazi na kuvaa kinyago. (Mkono tunaouona ni wa Debra Hill.) Kinyago kikivuliwa nje, tunakuta ni mtoto wa miaka sita. Wengi wameandika kuhusu dakika hizo, kwamba zinatufanya washiriki wa mauaji. Mimi hazinigusi hivyo. Najua kwamba mimi si muuaji. Macho ninayoyatambua kuwa yangu ni yale ya dirishani kwa jirani.

Mwaka wa tatu nilihama hosteli nikapanga chumba katika nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo uani. Chumba cha mbele yangu alikaa dada mmoja aliyekuwa akiuza vitafunwa asubuhi. Alikuwa na mwanaume aliyekuja na kuondoka. Usiku mmoja, kama saa sita, nilikuwa nasoma nikasikia kishindo, halafu sauti yake. Mwanzo hakutaja mtu. Kisha akasema, “Jamani, nisaidieni.”

Uswahilini kila mtu anajua kwamba ukipiga yowe la “mwizi!” mtaa mzima utatoka na magongo. Hili halikuwa yowe la mwizi. Lilikuwa lile ambalo tumefundishwa kuliita mambo ya ndani, ya wapenzi, kesho watapatana na wewe utabaki na aibu yako. Niliyawaza hayo yote kwa haraka, na yote yalikuwa na mantiki. Kisha nikanyoosha mkono nikazima taa.

Kutotoka kitandani naweza kukuelezea. Niliogopa. Lakini taa? Nilizima ili ionekane nimelala. Hata katika woga wangu nilikuwa tayari natengeneza utetezi wa asubuhi.

Asubuhi nilimkuta bombani, jicho limevimba, anajaza ndoo. Akanisalimia vizuri. Akasema, “Kaka, jana nilidhani haupo.”

“Nilikuwepo,” nikamwambia, “ila nilikuwa nimelala.”

Juu ya mlango wangu kulikuwa na kidirisha cha kioo. Chumba kikiwa na taa, mwanga ulifika mpaka kwake. Akaniangalia kidogo, akasema, “Haya, kaka,” akajitwisha ndoo yake. Mwezi haukuisha akahama.

Nataka kumtendea haki jirani wa Haddonfield. Ulikuwa usiku wa Halloween, usiku ambao watoto huvaa vinyago na kugonga milango ya watu, na utani wa kutishana ni jambo la kawaida. Huenda alidhani ni mchezo. Sababu alikuwa nayo, kama mimi. Laurie hakuipata nafasi ya kuisikia. Alikimbilia nyumba ya pili, akarusha chungu cha maua kwenye dirisha la juu, na aliyeshuka kumfungulia ni Tommy, mtoto mdogo aliyekuwa akimwangalia. Baadaye Tommy na mwenzake wanatoka mbio barabarani wakipiga mayowe, na Loomis, aliyekuwa akizunguka mtaani, anawaona na kuingia humo walimotoka. Filamu nzima inamtegemea mtu huyo mmoja anayekwenda kule ambako wengine wanakimbia. Anampiga Michael risasi sita, Michael anaanguka kutoka ghorofani, na Loomis akichungulia chini hayupo. Mwishoni tunaonyeshwa vyumba vitupu na nyumba zenye giza, mtu akipumua.

Mwezi uliopita niliitazama tena na rafiki niliyekuwa naye hosteli. Tukafika mlangoni kwa jirani. “Fungua basi wewe!” akapiga kelele, na kugeukia kwangu. “Huyu naye vipi? Ningekuwa mimi ningefungua.”

Nikamwambia asogeze laptopu, mwanga unaniumiza macho.