Dakika Kumi Majini

Kuna swali linaloonekana la kitoto mpaka ulikalie chini: ukishalipia kuingia mahali pa raha, safari ya kufika mlangoni ni sehemu ya raha hiyo, au ni makato? Na kama njia ziko mbili, moja ya haraka na nyingine ya polepole yenye mandhari ya kupendeza, kuna faida gani kuchagua ile ya polepole?

Swali hili lina anwani. Nenda Florida, Marekani, kwenye bustani ya burudani iitwayo Magic Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Ukija na gari, huegeshi langoni. Unaliacha ng'ambo, na kati yako na lango kuna ziwa, Seven Seas Lagoon. Hapo ndipo unapochagua. Unaweza kupanda monoreli, ile treni inayoteleza juu ya boriti moja. Au unaweza kupanda feri ya orofa mbili, ikakuvusha bila haraka huku kasri la Cinderella, lenye urefu wa takriban mita 57, likianza kama kijiti upande wa pili na kukua kidogo kidogo. Weka dakika kumi hivi.

Ziwa lenyewe ni kazi ya tingatinga. Lilichimbwa, na udongo uliotoka humo ukatumika kuinua bustani, ambayo imekaa juu ya njia wanamopita wafanyakazi bila kuonekana na wageni. Kule California, kwenye Disneyland ya mwaka 1955, uwanja wa magari ulikuwa mbele tu ya lango. Florida kampuni ilikuwa na takriban ekari 27,000 za kuchezea. Umbali ule basi ulikusudiwa. Wabunifu walitaka uache barabara kuu, moteli na mabango nyuma yako kabla hujaingia kwao.

Nilifika pale na binamu yangu anayeishi huko, pamoja na watoto wake wawili. Nikasema twende na feri. Akanitazama kama mtu aliyeombwa mkopo.

"Wee, feri? Mimi nimekulia Likoni. Feri nishapanda za kutosha maisha haya." Kisha akaongeza, "Na hapa kila dakika nimeilipia."

Tulipanda feri, kwa sababu mdogo wa watoto alilia anataka "boti". Lakini hoja zile mbili hazikuniacha, na nadhani ndani yake kuna swali lote.

Nianze na ya pili, maana ndiyo nyepesi. Tiketi ya siku moja pale inapita dola 100. Tuseme ni 100 kamili, na tuseme bustani iko wazi saa kumi na mbili. Hizo ni dakika 720, yaani kila dakika ni kama senti 14. Dakika kumi za majini zinakugharimu chini ya dola moja na nusu, bei ndogo kwa kitu ambacho utakikumbuka. Isitoshe, monoreli nayo ina foleni yake, kwa hivyo hiyo haraka unayoikimbilia wakati mwingine haipo.

Lakini hesabu hiyo ina ugonjwa. Ukishaanza kuhesabu senti kwa dakika, hutaacha mlangoni. Utahesabu ukila, utahesabu mtoto akienda chooni, utahesabu akisimama kutazama bata badala ya kukimbilia mchezo unaofuata. Bustani zenyewe zinaujua ugonjwa huu na zinauuzia dawa: tangu 2021, pale Disney, ukitaka kuruka foleni ndefu kwa kupitia njia ya Lightning Lane, unalipa juu ya tiketi yako. Mahali palipojengwa ili usahau saa pamekuwa mahali pa kununua dakika. Ukilitazama hivyo, feri ile ni kitu cha ajabu kidogo. Iko pale, haina malipo ya ziada, na hakuna anayekuuzia njia ya kuifanya iende mbio.

Aristotle alitofautisha vitendo vya aina mbili. Kuna vile ambavyo thamani yake iko mwishoni, kama kujenga nyumba: mpaka umalize, hujajenga. Na kuna vile vilivyokamilika kila wakati unapovifanya, kama kuona: ukiona, umeshaona. Safari kwa kawaida tunaiweka kwenye kundi la kwanza. Kufika ndiko kunakohesabika, na yote yaliyotangulia ni gharama. Uzuri wa feri ile ni kwamba kwa dakika chache inaihamisha safari kutoka kundi la kwanza kwenda la pili. Mtoto aliyesimama kwenye kingo akitazama kasri likikua hangoji raha ianze. Imeshaanza.

Mtu atasema: hiyo ni ujanja wa biashara tu. Wanakulainisha ukifika uko tayari kutoa pesa. Sawa, sibishi, ni biashara. Lakini kumwandaa mgeni kabla hajaingia hakukuvumbuliwa na watu wa Disney. Nenda Lamu, kwenye nyumba za mawe za zamani. Hutoki barabarani ukajikuta sebuleni. Kwanza kuna daka, kibaraza cha mlangoni chenye mahali pa kukaa. Unapiga hodi, unangoja. Kisha unapita tekani, ukumbi mdogo uliopinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani, ndipo unatokea kiwandani kwenye mwanga. Wajenzi wale hawakuwa wakipoteza nafasi. Walijua kuwa anayeingia ghafla anaingia na vumbi la njia, miguuni na kichwani. Hodi ni dakika ndogo inayokupa nafasi ya kuwa mgeni, na kumpa mwenyeji nafasi ya kuwa mwenyeji. Ziwa lile la kuchimbwa ni daka kubwa, lenye gharama kubwa.

Hapo ningeweza kuishia, nikakwambia: ndiyo, panda feri, punguza mwendo, maisha si mbio. Ni ushauri mtamu, na mitandao imejaa. Lakini hoja ya kwanza ya binamu yangu bado imesimama mlangoni, na haijapiga hodi.

Likoni nako kuna feri. Nako kuna maji, mitende, meli kubwa zikipita kuelekea bandarini, na jioni jua likizama kwa rangi ambazo mtalii hulipia. Kwa anayetembea kwa miguu ni bure. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kungoja ndiko kunakokula siku. Ukitaka kuelezea safari ya polepole yenye mandhari, basi hiyo hapo, kila asubuhi na kila jioni. Mbona hakuna anayeiandikia sifa?

Kwa sababu mtu aliyesukumwa ubavuni, ameshika mkoba kifuani, anawaza kama bosi atamwelewa leo tena, hana jicho la kutazama jua. Kwa sababu pwani yetu inakumbuka tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe na watu 272 wakafa wakiwa safarini kwenda tu kwenye siku yao ya kawaida. Ukikulia ng'ambo ile unajifunza mapema kuyaangalia maji kwa adabu, na kuhesabu watu waliosimama nawe kwenye sitaha. Binamu yangu aliposema amepanda feri za kutosha, hakuwa amekosa moyo wa kufurahia mandhari. Alikuwa anasema kwamba polepole ya wengine ilimla utoto.

Kwa hivyo tunaposema "polepole" tunataja vitu viwili kwa jina moja. Kuna polepole unayoichagua, na kuna polepole unayotwikwa. Ya kwanza inakuongezea muda: unaitoa dakika yako mwenyewe, na inakurudia ikiwa nzito zaidi. Ya pili inakupokonya. Jam ya saa mbili Mombasa Road ina mandhari pia. Upande mmoja kuna mbuga ya wanyama. Hujawahi kumsikia abiria wa matatu akishukuru.

Ndiyo maana siamini mahubiri ya kupunguza mwendo yanayosemwa na wenye magari mawili. Huwezi kumwambia mtu afurahie safari wakati safari yenyewe ni kodi anayotozwa kwa kuishi mbali na kazi yake. Lakini pia sikubali jibu la upande wa pili, kwamba kwa kuwa tumeibiwa muda mwingi, dakika yoyote isiyofika mahali ni wizi. Hilo ndilo pigo la pili la kungojeshwa, na ni baya kuliko la kwanza: linakufundisha kuchukia hata polepole iliyo yako. Unatoka Likoni, unavuka bahari nzima, unafika mahali ambapo hakuna anayekusukuma, na bado mwili wako unakimbilia njia ya mkato.

Je, safari ile ya majini ina thamani? Kwangu mimi, ndiyo, kwa masharti mawili. La kwanza, iwe ni hiari kweli: njia ya haraka iwepo, na anayeichagua asionekane mjinga. Mtoto aliyechoka, mzee mwenye miguu inayouma, mama aliyefika na saa tatu tu za kukaa, hao wapande monoreli na wasihubiriwe. La pili, tusiitumie kufunika polepole nyingine. Kivuko kinachoheshimu watu, basi linalofika kwa wakati, barabara isiyomeza jioni ya mtu, hivyo ndivyo vinavyompa mtu wa kawaida dakika kumi za kuchezea. Raha ya kwenda taratibu huanzia kwenye uwezo wa kwenda haraka.

Feri ilipokaribia gati, kijana mkubwa wa binamu yangu alikuwa ameshika simu, hajainua kichwa. Mdogo alikuwa juu ya vidole vya miguu, kidevu kwenye kingo. Mama yao alisimama katikati ya sitaha, mbali na kingo zote mbili, mahali ambapo watu wa ng'ambo yetu hupenda kusimama. Nilimwona akihesabu watu. Kisha akaacha kuhesabu, akatazama kasri.

"Kumbe ni kubwa," akasema.