Shahidi wa Ndege Adimu

Mwenye kusema "Nimeona", naye ameona nusu tu, je, ni mwongo? Wengi hujibu upesi kwamba si mwongo, maana hakukusudia kudanganya. Lakini neno hili lataka kuangaliwa vema, na ndege mmoja wa baharini afaa kuwa mfano.

Huitwa skua wa kusini. Ukubwa wake wapata kuku, rangi yake kama majani makavu, na mdomo wake umepindika nchani kama wa mwewe. Huzaa Antaktika, nchi ya barafu iliyo mwisho wa dunia upande wa kusini, na huko huwanyang'anya pengwini mayai na vifaranga vyao. Baridi kuu ikikaribia huondoka, akavuka bahari hata pande za kaskazini. Mabaharia humwona kwa nadra, akipita mbali katika upepo.

Tena ana ndugu zake. Skua mkubwa, azaaye Iceland na Scotland, afanana naye sana. Wa kusini mara nyingi ana kichwa cheupe kidogo, lakini wengine ni weusi kabisa, na manyoya yaliyochakaa hugeuka rangi. Hata wajuzi hushindana.

Basi mtu yuko melini, na ndege amekwisha kupita. Moyo watamani awe yule adimu, kwa kuwa sifa i karibu. Jicho limeona bawa jeusi tu. Ulimi wataka kutaja jina. Akilitaja kama jambo la hakika, ameongeza kitu ambacho jicho halikumpa, na uongo umekwisha kuingia, hata kama ndege kweli alikuwa yeye.

Uingereza, tangu mwaka 1959, liko baraza la wajuzi wapokeao habari za ndege adimu. Huzichungua kama wazee wa kijiji wamchunguavyo shahidi: alisimama mbali gani, jua lilikuwa upande gani, alitazama kwa muda gani. Zisipotosha huzikataa, wala hawamwiti mtu mwongo. Ni uchungu kwa aliyekataliwa, naye pengine aliona sawasawa!

Mwaka 1975 kifaranga kimoja cha skua wa kusini kilivikwa mguuni pete yenye namba, karibu na kisiwa cha Anvers, Antaktika. Mwezi wa saba mwaka ule ule ndege huyo aliuawa Greenland, kama kilometa 14,000 kutoka alikozaliwa. Juu yake hapakuwa na shindano, maana namba ilisomwa. Lakini wenye pete ni wachache. Walio wengi hupita na jina lao, na msafiri mwaminifu huandika katika daftari yake: "Skua, aina haikujulikana."