Kuazima na Kukopa



Mtoto anayejifunza Kiingereza, akitaka kumwambia mwenzake "niazime kalamu", mara nyingi husema "borrow me". Mwalimu humsahihisha: apokeaye hutumia borrow, atoaye hutumia lend. Kosa hilo lina sababu yake, kwani kwetu kuazima ni neno la mtoaji na la mpokeaji pia. Lakini pale Kiingereza kinaposema borrow tu, sisi tuna maneno mawili: kuazima na kukopa.

Jembe huazimwa, linalorudi ni lile lile. Mahindi hukopwa, yakiisha kuliwa, hurudi mengine ya kadiri ile ile. Ndiyo sababu yule mwanafunzi wa manabii, katika 2 Wafalme sura ya 6, alilia shoka lilipozama mtoni. Lilikuwa la kuazima.

Kila neno lina jaribu lake. Mtu huazima jembe la mjane mwezi wa Novemba, akalirudisha mvua zimekwisha kupita. Hujiona mwaminifu kwa kuwa jembe ni zima. Lakini msimu wa kulima hakuurudisha.

Na yule akopeshaye debe moja la mahindi mwezi wa Februari, kisha akadai mawili wakati wa mavuno, anayo hoja. Husema, "Debe la Februari si sawa na debe la Julai, bei yake ni kubwa." Ni kweli. Lakini tujiulize, ndugu: ni nini kilichoipandisha bei hiyo? Ni njaa. Basi debe la pili si malipo ya mahindi, bali ni malipo ya njaa ya jirani. Mwenye ghala ana haki ya kurudishiwa debe lake, tena limejaa. Zaidi ya hapo ni riba, nayo Torati, katika Kutoka sura ya 22, inakataza kumtoza maskini.

Na sisi wenyewe je? Nguvu zetu, watoto wetu, hata hilo ghala, hatukuvikopa kwa Mungu, tupate kumlipa vingine badala yake. Ametuazima. Atavitaka vile vile, tena kwa wakati wake.

Basi kabla ya mvua kuanza hapa Kitandililo, kila mmoja atazame nyuma ya mlango wake. Jembe lililopo pale ni la nani?